Mradi Ulifanya Kazi, au Mvua Ilinyesha? Mwongozo Kamili wa Kupima Kazi ya Kuzuia Machafuko na Mauaji ya Halaiki

Mara ya kwanza nilipoandika ripoti ya tathmini ya mradi wa amani, nilijivuna kweli. Kilikuwa kijiji cha wafugaji, miaka miwili ya vikao, kamati yenye watu kumi na watano, na kufikia mwisho wa mradi hapakuwa na aliyeuawa kisimani. Nikasimama barazani nikawasomea matokeo. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akichezea fimbo yake akaniuliza, "Mwanangu, mwaka huu mvua imenyesha, na mwaka jana pia. Hiyo mvua nayo mliileta nyinyi?" Watu wakaangua kicheko. Mfadhili hakuwepo siku hiyo, kwa hiyo ripoti ikaenda jinsi ilivyokuwa.

Miaka kadhaa baadaye nilikuja kujua kwamba hata jibu la mzee lilihitaji kupimwa. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za Marsabit, kaskazini mwa Kenya, walikuta kwamba wizi wa mifugo ulikuwa ukiua watu wengi zaidi miaka ya mvua kuliko ya ukame, kwa kuwa wakati wa mvua nyasi ndefu humficha mvamizi, mifugo ina nguvu ya kutembea mbali, na watu hawahitaji kuombana kisima. Basi mimi nilikosea, na mzee huenda naye alikosea. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliuliza swali linalofaa.

Mwongozo huu ni wa watu wa kamati za amani, mashirika madogo, maafisa wa kaunti na wanafunzi waliotupiwa kazi ya "kufanya tathmini" bila kuelezwa inafanywaje. Mfano nitakaoushikilia ni Kenya na chaguzi zake, kwa kuwa tumepitia 2007, 2013, 2017 na 2022 tukiwa na kamati za amani za kila aina, na uchaguzi unaofuata ni wa Agosti 2027. Nitavuka mipaka pale ambapo wenzetu wamepima vizuri kuliko sisi.

Hatua ya 1: Anza na muuaji

Wengi huanza na shughuli: mechi ya vijana, semina ya viongozi wa dini, msafara wenye fulana na kofia. Weka hayo kando kwanza. Chukua karatasi, andika ni nani aliyeua mara iliyopita mahali pale, kwa silaha gani, na kwa amri au ruhusa ya nani.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 27 Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133. Kati ya waliokufa, 405 walikufa kwa risasi, yaani zaidi ya theluthi. Ukijiuliza ni nani hasa aliyekuwa na bunduki mjini Kisumu Januari ile, utaona kwamba sehemu kubwa ya vifo hivyo haikutokana na jirani kumgeuka jirani. Kule Kiambaa karibu na Eldoret, waliochoma kanisa tarehe 1 Januari 2008 walikuwa kundi la vijana. Naivasha, mwishoni mwa mwezi huo, yalikuwa magenge ya kulipiza kisasi. Hao ni wauaji wa aina tatu katika nchi moja ndani ya mwezi mmoja, na mradi wa kuwapatanisha majirani hauwezi kuwafikia wote.

Ukishamjua muuaji, andika mnyororo wako kwa lugha ambayo mama mboga ataielewa: tukifanya hivi, fulani ataacha kufanya vile, kwa sababu hii. Kisha kagua kila pete ya mnyororo kama fundi anayekagua baiskeli. Chukua mpira wa miguu, unaopendwa na wafadhili wote. Huko Iraq kaskazini, mtafiti Salma Mousa aliwaweka Wakristo waliofukuzwa makwao na ISIS kwenye timu zenye wachezaji Waislamu, na timu nyingine zikabaki za Wakristo watupu, nani aende wapi ikiamuliwa kwa bahati nasibu. Waliochanganywa walikubali zaidi kujiandikisha tena kwenye timu mchanganyiko, na miezi sita baadaye walikuwa bado wanafanya mazoezi na Waislamu. Lakini walipopewa vocha ya kwenda kula katika mji wenye Waislamu wengi, au kualikwa kwenye sherehe ya pamoja, hawakuwazidi wenzao. Pete ya "mwenzangu wa timu" ilishika, ile ya "Mwislamu nisiyemjua" ikakatika. Kama mradi wako ni mpira, na muuaji unayemhofia ni mgeni atakayekuja na lori usiku, unajua mapema mahali mnyororo utakapokatikia.

Hatua ya 2: Amua leo utakachohesabu

Uandike kabla mradi haujaanza, utie tarehe, umpe mtu wa nje akutunzie nakala. Bila hivyo, mwisho wa mradi utajikuta umechagua kipimo kilichopendeza.

Vifo lazima vihesabiwe, ila havitoshi, kwa sababu ni vichache. Tuseme una wadi 40, 20 zina kamati ya amani na 20 hazina. Katika uchaguzi, wadi mbili zinapata ghasia za kuua, zote mbili upande usio na kamati. Unaweza kutangaza ushindi? Piga hesabu: hata kama kamati hazikufanya lolote, uwezekano wa wadi zote mbili kuangukia upande ule kwa bahati tu ni karibu robo. Hakuna fundi anayepima ubao kwa rula inayokosea mara moja kati ya nne.

Kwa hiyo ongeza vitu vinavyotokea mara nyingi zaidi na vilivyo karibu na ghasia. Wakazi wa Bonde la Ufa wanazijua dalili zake: vijikaratasi vya kuwaambia watu fulani wahame, familia kupeleka watoto na magodoro ushago wiki moja kabla ya kura, mwenye nyumba kumfukuza mpangaji kwa sababu ya kabila, bodaboda kukataa kuvuka daraja jioni. Maneno nayo yanahesabika. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuangaliwa, yakiwemo "madoadoa" na "kwekwe". Kumwita jirani kwekwe ni kusema kwamba dawa yake ni kung'olewa, na mtu wa shamba hahitaji kuelezwa hilo. Ila usihesabu neno peke yake. Andika nani alilitamka, mbele ya nani, na kama kuna aliyemnyamazisha.

Sasa maswali ya dodoso. Hapa ndipo tathmini nyingi zinapoharibika. Ukimuuliza Mkenya, "Je, unaishi vizuri na majirani wa makabila mengine?" atakujibu ndiyo, kwa adabu, na atakukaribisha chai. Muulize alichofanya:

- Usiku wa kutangazwa matokeo ulilala wapi?
- Duka ulilifungua tena siku ya ngapi?
- Mara ya mwisho kumkopesha mtu wa upande wa pili jembe au unga ilikuwa lini?
- Ulipopata uvumi, ulimpigia nani simu kwanza?

Somo zuri zaidi ninalolijua kuhusu hili lilitoka Rwanda. Mwaka 2004 mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichukua vikundi vya watu, vingine vikasikiliza mchezo wa redio wa Musekeweya uliohusu chuki na maridhiano, vingine mchezo mwingine kuhusu afya, kwa mwaka mzima. Imani za wasikilizaji kuhusu chuki na vita hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona kwamba watu wa kwao wanafanya nini na wanapaswa kufanya nini. Mwisho kila kikundi kikapewa redio na kaseti za mchezo wake, kiamue vitatunzwaje. Waliosikiliza mchezo wa afya wengi walimkabidhi kiongozi wa eneo haraka haraka. Waliosikiliza Musekeweya walibishana kisha wakaelekea kuvisimamia pamoja. Redio ile ilikuwa kipimo kizuri kuliko dodoso la kurasa ishirini.

Kuna mambo mtu hawezi kukiri hata umkalishe vipi, kwa mfano kwamba alichangia pesa za vijana wa kulinda mtaa. Tumia hila ya orodha. Nusu ya wahojiwa, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wape mambo manne ya kawaida: nilihudhuria harambee, nilisikiliza taarifa ya habari, nilikwenda mkutano wa kampeni, nilibishana na mtu kuhusu siasa. Waambie wakutajie idadi tu ya waliyoyafanya, wasiseme yapi. Nusu nyingine wape manne hayo hayo na la tano, lile la mchango. Kama wastani wa kundi la kwanza ni 2.1 na wa pili ni 2.3, basi karibu watu 20 kati ya 100 walichanga, na hakuna aliyejitaja. Inahitaji wahojiwa wengi, mamia kadhaa, la sivyo namba itayumba.

Tahadhari moja kuhusu kuhesabu matukio. Mradi mzuri mara nyingi huongeza taarifa. Watu wakipewa namba ya kutuma ujumbe na wakiamini kwamba kuna atakayekuja, wataripoti hata mzozo wa kuku. Ukilinganisha mwaka wa kabla na wa baada, itaonekana umeleta vita. Ndiyo maana unahitaji angalau chanzo kimoja kisichoguswa na mradi, kama vile daftari la majeruhi la zahanati, OB (daftari la matukio) ya kituo cha polisi, au kumbukumbu za makaburi za msikiti na kanisa.

Hatua ya 3: Tafuta kile ambacho kingetokea bila wewe

Hii ndiyo nyama ya kazi yote. Uchaguzi wa 4 Machi 2013 ulipita bila Bonde la Ufa kuwaka. Kila shirika lililokuwa na bango la amani lilidai kuwa ndilo lililozima moto. Tulishuhudia sherehe nyingi Nairobi mwaka ule.

Tazama maelezo mengine yaliyokuwepo. Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao jamii zao ziliuana 2008, sasa walikuwa kwenye tiketi moja, na wote wawili walikuwa na kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Katiba ya 2010 ilikuwa imeleta Mahakama ya Juu ambayo mpinzani wao Raila Odinga alikubali kuiendea. Vyombo vya habari vilijibana mpaka watu wakalalamika. Polisi walimwagwa kila kona. Na kuna lile lisilosemwa kwa sauti: baadhi ya vijiji vilitulia kwa sababu waliokuwa wafukuzwe walishafukuzwa 2008 na hawakurudi. Kichaka kilichoungua chote hakiwaki tena mwaka unaofuata, hata bila zimamoto.

Utatofautishaje? Fanya kila maelezo yatabiri kitu chake. Kama ni muungano wa Uhuru na Ruto, utulivu ungekuwa pale Wakikuyu na Wakalenjin wanapopakana, na kwingineko hali ingebaki tete. Kama ni kamati za amani, basi ndani ya Bonde la Ufa lenyewe, wadi zenye kamati hai zingetulia kuliko wadi jirani zisizo nazo. Sasa angalia yaliyotokea. Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 30 Machi 2013, waliouawa katika maandamano walikuwa Kisumu. Mwaka 2017 damu ilimwagika Kisumu, Mathare na Kibera, kwa kiasi kikubwa kwa risasi za polisi. Ramani hiyo inauunga mkono muungano wa wakubwa kuliko fulana zetu. Haithibitishi kwamba kamati hazikufanya kitu. Inasema tu kwamba anayedai zilifanya ana kazi ya kuonyesha tofauti kati ya wadi na wadi.

Njia iliyo safi zaidi ni kura ya bahati nasibu. Kama pesa zinatosha wadi 20 kati ya 40 zinazohitaji, andika majina yote kwenye vijikaratasi, tia kwenye kofia, mtoto avute mbele ya baraza. Wapo watakaosema ni ukatili kuwanyima wengine. Pesa hazitoshi wote hata hivyo, na kura hadharani ni haki kuliko kuchagua wadi za rafiki wa mheshimiwa. Inawezekana hata na watu wagumu: Monrovia, Liberia, vijana 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi na fujo walivuta kura nani apate ushauri wa kubadili mwenendo, nani apate dola 200, nani yote mawili, na nani asipate. Waliopata yote mawili ndio ambao badiliko lao lilidumu, na lilionekana hata miaka kumi baadaye. Bila kura, mtu angesema tu kwamba walikua wakatulia.

Kura pia huvunja mioyo. Mradi wa Tuungane mashariki mwa Congo, wenye jina tunalolielewa bila mkalimani, uligawa vijiji kwa kura, ukaendesha kamati za maendeleo zilizochaguliwa na wanakijiji katika vijiji zaidi ya elfu moja, kisha ukapimwa. Hapakupatikana ushahidi wa maana kwamba utawala au mshikamano ulibadilika. Waliokubali matokeo hayo yachapishwe wanastahili heshima kuliko sisi tuliosherehekea 2013.

Kura ikishindikana, linganisha badiliko na badiliko. Tuseme wadi zenye kamati zilikuwa na matukio 60 ya vurugu mwaka kabla ya mradi, yakashuka hadi 36. Ripoti ya kawaida itaandika: "Vurugu zimepungua kwa asilimia 40." Nenda wadi jirani zisizo na kamati: zilikuwa na 50, zikashuka hadi 32, yaani asilimia 36. Karibu mteremko wote ungekuwepo bila wewe, na sehemu yako ni hizo asilimia nne zilizobaki, ambazo nazo zinaweza kuwa bahati. Kabla ya kuamini hesabu hii rudi nyuma miaka mitatu au minne uone kama pande mbili zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja. Kama hazikuwa, jirani uliyemchagua si wa kulinganishwa naye.

Kosa la kinyume lipo pia. Kamati hupelekwa palipo na moto. Ukilinganisha wadi zenye kamati na zote zisizo nazo, zenye kamati zitaonekana na fujo zaidi, na mtu mvivu atasema kamati huleta fujo. Ndivyo ilivyowahi kusemwa kuhusu walinda amani wa Umoja wa Mataifa, mpaka Virginia Page Fortna alipoonyesha kwamba wanatumwa kwenye vita vigumu zaidi, na kwamba ugumu huo ukizingatiwa, amani hudumu zaidi wanapokuwepo.

Hatua ya 4: Pasipo na wa kulinganishwa naye, fuata nyayo

Nchi ni moja, usiku ni mmoja, huna wadi 40. Usiku wa 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa Kigali. Kigali mauaji yalianza ndani ya saa chache. Bujumbura, mjumbe wa Umoja wa Mataifa Ahmedou Ould-Abdallah alihangaika usiku ule na wakuu wa serikali na jeshi, wakaenda hewani pamoja kutangaza msiba na kuomba utulivu. Mji ukatulia. Je, ni yeye?

Anayefuata nyayo huanza na alama ambazo lazima ziwepo kama maelezo ni ya kweli: nani alipigiwa simu, saa ngapi, tangazo lilisikika kabla au baada ya askari kurudi kambini. Alama hizo zikikosekana, maelezo yamekufa. Kisha hutafuta alama ambazo zisingekuwepo kabisa kama maelezo ni ya uongo, kwa mfano kamanda anayekiri kwamba alikuwa ameshatoa amri akaifuta baada ya simu. Hizo ni adimu, na ndizo zenye uzito. Halafu wapinzani: Burundi haikuwa na mpango wa mauaji kama ule wa Kigali, jeshi lake lilikuwa mikononi mwa watu wengine, na nchi ilikuwa imetoka kuzika makumi ya maelfu baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Pia jiulize unapima muda gani. Usiku ule uliokolewa, lakini vita vya Burundi viliendelea kwa miaka mingi, na tathmini ya usiku na tathmini ya muongo ni ripoti mbili tofauti.

Kwa kazi ndogo, nyayo ni rahisi zaidi. Mfumo wa Uwiano wa hapa Kenya ulioanza kabla ya kura ya maoni ya katiba ya Agosti 2010 ulipokea taarifa kwa ujumbe mfupi. Mfumo kama huo ukiwa mikononi mwako, kwa kila ujumbe andika saa ulipoingia, nani alijulishwa, nani alifika na saa ngapi, na ilikuwaje siku tatu baadaye. Halafu fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: zifuatilie tahadhari zilizopuuzwa. Gari lilikuwa bovu, chifu alikuwa msibani, simu ilizima. Kama nusu ya tahadhari ambazo hakuna aliyezijibu zilipoa zenyewe, basi huwezi kujisifu kwa zote ulizozijibu. Rundo hilo la aibu ofisini ndilo kundi lako la kulinganisha, na umelipata bure.

Hatua ya 5: Yatafute madhara kwa bidii ile ile

Mashariki mwa Congo, Paluck alijaribu kitu kilichoonekana kizuri bila ubishi: baada ya mchezo wa redio, maeneo mengine yaliongezewa kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Walijadiliana kweli. Lakini walitoka na manung'uniko zaidi, uvumilivu mdogo zaidi, na moyo mdogo zaidi wa kumsaidia mtu wa kundi wasilolipenda. Nilikuwa nimeandika "mijadala 48 imefanyika" kwenye ripoti zangu kana kwamba ni mafanikio kwa yenyewe. Sijaandika hivyo tena.

Sierra Leone, vikao vya kijiji vya kusamehe na kuungama vilipimwa katika vijiji 200. Msamaha uliongezeka, watu walichangia zaidi shughuli za kijiji. Papo hapo huzuni, wasiwasi na maumivu ya kumbukumbu za vita viliongezeka, na yalikuwepo bado zaidi ya miaka miwili baadaye. Amani ya kijiji ililipwa kwa usingizi wa watu binafsi. Je, bei hiyo inafaa? Hilo si swali la mtaalamu wa tathmini, lakini asipolipima hakuna atakayeweza kulijibu. Liberia nako, mafunzo ya kusuluhisha migogoro yalipunguza ugomvi wa ardhi uliofikia vurugu, huku adhabu za mkononi nje ya sheria zikiongezeka katika baadhi ya mambo.

Kwetu yapo ya kwetu. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, kuanzia 1993, wanawake wa koo tofauti walianza kwa kulinda soko lisigawanyike, na Dekha Ibrahim Abdi na wenzake wakajenga kamati ambayo serikali iliinakili nchi nzima. Kamati ya Wajir iliota yenyewe. Nakala nyingi zilipandwa kwa barua na posho. Zipime mbali mbali. Sifa za mama wa Wajir hazihamishiki kwa kamati iliyoundwa Jumanne ili ipige picha Alhamisi. Na uangalie ni haki ya nani inayotunzwa. Azimio la Modogashe la 2001, makubaliano ya amani ya jamii za wafugaji, liliweka fidia ya ng'ombe 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Visasi vinaweza kupungua chini ya mpango kama huo, na muuaji asifike mahakamani kamwe. Kama kipimo chako ni idadi ya visasi peke yake, hutaliona hilo.

Maswali ya kuuliza kando, mmoja mmoja, mbali na mwenyekiti: Nani aliachwa nje ya kamati? Kuna aliyepigwa au kutishwa kwa sababu ya kushiriki? Posho inagawiwaje? Kuna kijana aliyejifunza kwamba ukitaka semina na nauli, kwanza choma tairi?

Hatua ya 6: Usiandike orodha itakayoua

Hapa ni fupi kwa sababu hapana mjadala. Rwanda, 1994, kitambulisho chenye kabila na orodha za majina zilikuwa silaha. Dodoso lako lisiwe na jina, kabila na mahali nyumba ilipo kwenye karatasi moja au faili moja. Weka namba badala ya jina, ufunguo wa namba ukae kwingine, simu za wahojaji zifutwe kila jioni baada ya kutuma data. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakulazimisha sehemu ya haya. Mhojaji wa kabila moja akimhoji wa lingine majibu hubadilika, kwa hiyo wagawe kwa kura na urekodi nani alimhoji nani. Na wiki mbili kabla na baada ya kura, usihoji mtu kuhusu ghasia mlangoni kwake. Jirani anaona nani kaingia na daftari.

Hatua ya 7: Ratiba na pesa, kwa asiye na vingi

Data ya mwanzo ikusanywe mwaka mmoja na nusu kabla ya uchaguzi, si mwezi wa kampeni watu wakiwa tayari wamepanda joto. Kama umechelewa na fedha ni kidogo, achana na dodoso la watu elfu. Chagua wadi sita zenye mradi na sita zinazofanana nazo, nakili madaftari ya zahanati ya miaka mitano, weka daftari la tahadhari, uhoji watu kumi kila wadi kwa yale maswali manne. Mtu mmoja mwenye pikipiki anaweza kuyafanya. Rudi baada ya miezi mitatu, kisha baada ya mwaka. Mradi unaopimwa wiki ya sherehe ya kufunga hupimwa kwa keki.

Hatua ya 8: Rudisha barazani kabla ya kupeleka kwa mfadhili

Ukurasa wa kwanza uwe na mambo matatu kwa lugha nyepesi: tulichotarajia na tarehe tuliyokiandika, tulichokiona, na tunakiamini kiasi gani, huku ukitaja maelezo mengine ambayo hukuweza kuyaondoa. Kama matokeo ni asilimia nne, andika nne.

Soma ukurasa huo barazani, kwa Kiswahili na lugha ya mama, wadi zilizokosa kamati zikiwa zimealikwa pia. Acha wabishe. Pingamizi zao ziandike jinsi zilivyosemwa na uziambatanishe, pamoja na zile zinazokuchoma. Mimi siku hizi huweka nafasi ya mvua kwenye jedwali: milimita kwa mwezi, kutoka kituo cha karibu cha hali ya hewa, safu nzima kando ya safu ya matukio. Madaftari yote, likiwemo lile la tahadhari zilizopuuzwa, yatie kwenye sanduku, uandike tarehe juu yake, na umwachie mtu ambaye atakuwepo 2032, kwa kuwa atakayepima uchaguzi huo atahitaji kujua hali ilikuwaje kabla hajafika.